Ua la Bara Likishuka Mokowe

Sanduku la maua likifika, mimi siangalii majani kwanza. Naligeuza taratibu nione kitako chake, pale kadibodi ilipokaa juu ya mbao za boti, kama limerowa, na limerowa kwa maji gani. Maji yaliyotoka chunguni huacha doa la udongo. Maji ya bahari hukauka yakaacha weupe, na ukipitisha kidole ukakiweka ulimini huna haja ya kumuuliza nahodha. Majani nayajua hata kabla sijafungua: yamelala, mengine yamepiga manjano, na chini ya sanduku yapo yaliyokwisha kupukutika. Hayo ni ya kawaida. Chumvi ndiyo habari.

Kazi yangu ni kutunza maua katika nyumba za mawe za Mkomani, hapa Lamu. Nyingine ni za kulaza wageni, nyingine wenyewe wanaishi Mombasa au ng'ambo na huja wakati wa Maulidi au likizo ya Desemba. Zamani viwanda vya nyumba hizi, zile nyua za katikati zisizo na paa, vilikuwa na asumini, mrehani, mkadi na waridi, maua ya kufungia vikuba, vile vishada vya kunukia, na kunukisha chumba. Bado yapo kwa wanaoyapenda. Lakini mwenye nyumba wa leo ameona kwenye simu sebule ya mtu wa Ulaya, naye anataka monstera ya kwenye kona, kalathea ya mezani, na Ficus lyrata ndefu ya kusimama kando ya zidaka, zile rafu zilizochongwa ukutani. Haya huagizwa kutoka vitalu vya Limuru na pembezoni mwa Nairobi, na njia ya kuyaleta ni basi.

Hebu ifuate safari yenyewe. Limuru iko mita zipatazo 2,200 juu ya usawa wa bahari, nchi ya chai na ukungu. Ua limelelewa huko, chini ya wavu wa kivuli, likimwagiliwa maji matamu. Linafungwa jioni, linatiwa kwenye buti la basi, linashuka usiku kucha karibu kilomita 480 kutoka Nairobi hadi Mombasa, linapakuliwa, linapakiwa tena, linapita Malindi, Garsen na Witu mpaka gati la Mokowe. Hapo barabara imekwisha. Linashushwa botini, linavuka, kisha linapanda mkokoteni au mgongo wa punda, maana vichochoro vyetu havipitiki gari. Muda wote huo halijaona jua, limetikiswa, limelazwa ubavu hata kama sanduku limeandikwa mshale wa juu, limetoka kwenye baridi likaingia kwenye joto la buti lililofungwa.

Giza peke yake si la kuogopa sana. Ua zima laweza kukaa gizani siku mbili tatu lisidhurike. Kinacholimaliza zaidi ni hewa ya mle ndani. Mimea hutoa gesi iitwayo ethilini, hasa ikiumia, na matunda yanayoiva huitoa kwa wingi. Ndiyo hiyo inayoivisha ndizi zilizofunikwa. Ikijikusanya mahali pasipo upepo, jani hupata amri ya kuachia shina: pale kikonyo kinapoungana na tawi seli hulegea, na jani huanguka hata likiwa bado kijani. Aliyegundua kazi ya gesi hii kwa mimea ni Mrusi, Dimitry Neljubow, aliyeandika habari zake mwaka 1901. Miche yake ya njegere ilikuwa ikikua imevimba na kupinda ndani ya maabara yenye taa za gesi, na akiitoa kwenye hewa safi inanyooka.

Mimi habari hiyo nimeiona kwa macho kwenye Ficus benjamina iliyosafiri ubavuni mwa makreti ya maparachichi yanayoteremshwa Pwani. Ilifika imebaki fito, na majani yote yamo sandukuni, mabichi, hata moja halijakauka. Mwenye nyumba alidhani kuna mtu aliyapukusa kwa mkono. Tangu hapo huwa napiga simu kabla basi halijaondoka, nizungumze na kijana wa mizigo mwenyewe. Ukimwambia asiweke ua pamoja na maparachichi hucheka. Ukimtumia shilingi mia ya chai, husikia.

Basi ua limeshafika. Kazi ya siku ya kwanza ni ndogo kuliko watu wanavyotaka iwe. Nafungulia sanduku kiwandani, upande ambao jua la adhuhuri halifiki, si juu ya paa na si mlangoni penye mkondo wa upepo. Nalisimamisha wima. Kama kitako cha sanduku kilikuwa na chumvi, navisha chungu mfuko wa plastiki, naufunga kwenye shina ili maji yasiingie udongoni, halafu naosha majani juu na chini kwa maji ya mvua na kitambaa laini. Chumvi iliyokauka juu ya jani hunyonya maji ya jani lenyewe, na baada ya siku chache kingo hugeuka kahawia kavu, ukadhani ni ugonjwa. Kisha natia kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Ukiwa mkavu, namwagilia mpaka maji yatoke chini. Ukiwa na unyevu, sitii hata tone. Ukiwa umekauka hadi umeachana na kuta za chungu, kumwagilia juu ni kazi bure kwa kuwa maji hupita pembeni na kutoka. Hapo nakalisha chungu kizima ndani ya karai la maji, udongo unywe kutoka chini mpaka juu pawe na unyevu, nakitoa kikachuruzike.

Na hapo nasimama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe lingoje mwezi: asibadilishiwe chungu, asitiwe mbolea, asipogolewe, asihamishwe kila siku kutafutiwa mwanga mzuri zaidi.

Kungoja huko ndiko kugumu, na ugumu wake si wa ua, ni wa watu wenye huruma. Nyumba moja ina mlinzi, mpishi, dada wa usafi na wageni, na kila mmoja akipita na gilasi yenye maji yaliyobaki huona thawabu kuyamwaga chunguni. Nakumbuka ficus moja ndefu iliyoletwa nyumba ya karibu na gereza la zamani. Majani yake mapana yalikuwa yameinama yote yakitazama sakafu. Bibi wa nyumba ya pili aliingia kuomba ndimu, akaliona, akasimama mikono kiunoni.

"Mwanangu, ua lafa kwa kiu, nawe wapita nalo hivi hivi?"

"Sabalkheri, Bibi. Halina kiu. Hebu tia kidole."

Akatia. Akakitoa kina tope, akakitazama, akajifuta kwenye leso. "Mai tele," akasema. "Basi mbona lalala?"

"Mizizi ndiyo haiyanywi, Bibi. Imechoka."

Akafikiri. "Yaani ni mgonjwa aliyewekewa uji mbele, mkono haunyanyuki."

Nikamwambia ndivyo hasa, na tangu siku hiyo nikapata askari. Kutoka dirishani kwake alikuwa akimuona mlinzi akikaribia na kopo, sauti yake inasikika mpaka msikitini.

Alichokisema Bibi ndicho kiini cha jambo lote. Kinachofyonza maji si ile mizizi minene unayoiona, ni vinyweleo vyembamba vya kwenye ncha, na hivyo hukatika kwa mtikisiko wa safari au hufa udongo ukilowa ukakosa hewa. Vinahitaji wiki kadhaa kuota upya. Kwa muda huo jani hupoteza maji kwa jua na upepo zaidi ya yale mizizi inayoweza kuleta, na ndipo linaponyong'onyea. Kuongeza maji udongoni hakusaidii, kwani maji yapo. Na maji yakijaza nafasi zote za hewa, vile vinyweleo vichache vilivyosalia navyo huoza. Unachoweza kufanya ni kupunguza matumizi upande wa juu: kivuli, hewa tulivu, joto la kadiri. Ua linalonyauka huku udongo ni mkavu hunyanyuka saa chache tu baada ya kunywa, na Spathiphyllum, ua jingine la ndani, ni bingwa wa mchezo huo. Linalonyauka huku udongo umelowa, mpe muda, na kama halinyanyuki, nusa.

Kunusa nasema kwa maana yake. Inama mpaka kwenye tundu la chini ya chungu. Mizizi mizima inanuka udongo wa mvua. Mizizi iliyooza inanuka mtaro. Hiyo ndiyo hali moja tu inayonifanya nivunje ile sheria ya kutogusa, maana ukingoja hapo unangojea maziko.

Nilikuwa na monstera iliyofika hivyo. Mtu wa kitaluni, kwa ihsani, aliimwagilia sana kabla ya kuifunga ili isione kiu njiani, na ule mfuko wa nailoni uliofunika chungu ukayazuia maji yote mle kwa joto la safari nzima. Niliitoa chunguni juu ya gunia. Udongo mwekundu ulibaki na umbo la chungu kwa nukta moja, kisha ukaporomoka pande, na mizizi ikaja mkononi: ya kahawia, laini, na nilipovuta mmoja kwa vidole viwili ngozi yake ilichunika yote ikaniachia uzi mwembamba katikati. Nikaiosha kwenye karai, maji matatu, mpaka nikaiona ilivyo. Iliyokuwa mizima ilikuwa ya rangi ya maziwa, inavunjika kwa mlio ukiikunja. Haikuwa mingi. Kisu cha jikoni nilikipitisha motoni, nikakata kila kilicholegea mpaka nikafika penye weupe, nikaiacha ikae wazi kivulini mpaka vidonda vikauke. Majani yalikuwa sita. Manne yaliyokwisha kulegea vikonyo nikayaondoa, mawili nikayabakisha, kwa kuwa mizizi michache haiwezi kulisha umati, lakini bila jani lolote nani atapika sukari ya kuotesha mizizi mipya?

Sikuirudisha kwenye udongo ule. Hapa kwetu tuna kitu kizuri kuliko vile vinavyouzwa kwa pakiti, nacho ni makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi. Nayachambua, nayakata vipande, nayaroweka na kumwaga maji mara kadhaa, kwa sababu makumbi yenyewe huja na chumvi, hasa yale yaliyolala pwani. Nachanganya na makaa yaliyopondwa na mboji kidogo iliyokwisha kuiva. Mchanga wa ufukweni siugusi. Chungu ni cha udongo, kidogo, kinachoitosha mizizi iliyobaki tu, kwa sababu chungu kikubwa hubaki na maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Monstera ina bahati nyingine: kwenye kila kifundo cha shina ina uwezo wa kutoa mzizi, na ile mizizi inayoning'inia hewani, ambayo watu huikata kwa kuona haipendezi, ndiyo akiba yake. Nilizika kifundo kimoja chenye mzizi wa hewani kwenye makumbi. Jani jipya lilipotoka lilikuwa dogo, zima bila tundu hata moja, na mwenye nyumba akalalamika kwamba ameuziwa ua jingine. Majani yenye matundu yalirudi ua lilipopata nguvu.

Sasa maji. Hili ni la Lamu zaidi kuliko popote. Maji matamu ya mji yanatoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga vinavyohifadhi maji ya mvua. Visima vingi vya majumbani vina maji ya chumvi-chumvi, ya kufulia na kukoshea sakafu, na mawe ya matumbawe yanayovizunguka huyatia chokaa. Mnazi na mkadi hazijali. Kalathea, ambayo kwao ni misitu ya Amerika ya Kusini na haijapata kuonja chumvi, huungua ncha za majani. Chumvi ikizidi udongoni, maji hayaingii kwenye mizizi hata yakiwa mengi, kwa kuwa chumvi huyashikilia nje. Kwa ua zima hiyo ni adhabu. Kwa ua lililotoka safarini mizizi imekatika ni hukumu. Ukiona ukoko mweupe umetanda nje ya chungu cha udongo, ndiyo hiyo. Watu huniambia wanayalaza maji usiku mzima kwenye ndoo. Kuyalaza hupunguza klorini, hakuondoi chumvi. Kuyachemsha ndiyo kabisa, maji hupungua na chumvi inakolea.

Kwa hiyo wagonjwa wangu hunywa maji ya mvua. Nyumba za zamani zilikuwa na akili kwenye jambo hili. Kuna birika la chooni, lile la kujengwa kwa chokaa, na ndani yake wazee walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nyumba mojawapo ninayoitunza birika bado linajazwa maji ya paa na samaki bado wamo. Maji yake yana uchafu kidogo wa samaki, ambao ni mbolea hafifu kuliko yoyote ya dukani, na sijaona ua lililoyakataa. Mahali ambapo mvua haikuvunwa, nanunua madumu ya maji ya Shela na kuyaandika kwenye hesabu. Kuna mwenye nyumba aliyehoji kwa nini ua linakunywa maji ya kununua. Nikampigia hesabu ya kununua ficus nyingine na nauli yake.

Mwanga nao una fitina zake. Kiwanda cha nyumba ya Lamu kimezungukwa na kuta ndefu nyeupe, na chokaa inarudisha mwanga kiasi kwamba hata kona isiyopigwa na jua ina nuru ya kutosha. Ninyooshe mkono juu ya ua saa sita: nikiona kivuli chenye kingo kali, jua ni kali mno kwa mgonjwa, nikiona kivuli hafifu kisicho na mipaka, hapo ndipo, nisipoona kivuli kabisa, ua litaishi kwa madeni. Jani lililokua chini ya wavu Limuru ni jembamba, na ukiliweka kwenye jua la kaskazi, mwezi wa Januari au Februari, huungua kwa mchana mmoja. Baka la kuungua huanza rangi ya majivu, kisha kahawia, na halirudi kuwa kijani daima. Jani jipya likikulia hapo hapo kwenye mwanga mwingi huja nene zaidi, linastahimili.

Matatizo ni kwamba ficus haikununuliwa kukaa kiwandani. Imenunuliwa isimame kando ya zidaka, na vyumba vya ndani vya nyumba hizi vilijengwa vya giza na ubaridi, mwanga wote unaingia kwa mlango. Mwenye nyumba mmoja yuko Dubai, na kila Ijumaa nilikuwa napata ujumbe wake: limeingia ndani? Namjibu bado. Ficus ina tabia ya kumwaga majani kila inapohamishwa, na ikihamishwa mara mbili kabla haijatulia humwaga mara mbili. Tuliafikiana, baada ya kuvutana, kwamba itakaa kiwandani mpaka itoe majani mapya mawili yaliyokomaa, kisha iingie msana, ule ukumbi ulio wazi upande wa kiwanda, na hapo ndipo mwisho wa safari yake. Kando ya zidaka amewekwa Zamioculcas.

Huyo Zamioculcas zamiifolia anastahili maneno mawili. Huuzwa Nairobi kwa bei ya mgeni wa heshima, na huletwa kwetu ndani ya sanduku lenye plastiki ya viputo, ilhali asili yake ni huku huku mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na kwenye misitu ya Pwani anaota chini ya miti bila kumwagiliwa na mtu. Vitalu vya Uholanzi vilianza kumzalisha kwa wingi miaka ya 1990 ndipo akawa maarufu. Ni ua pekee nisilolihofia likisafiri. Chini ya udongo ana viazi vinavyoweka maji, na hata akipukutisha vijani vyote njiani, acha chungu kikavu, huibuka tena. Anachokufa nacho ni kumwagiliwa tu.

Nikirudi kwa wagonjwa: majani ya manjano siyavuti. Jani linalozeeka hurudisha shinani sehemu ya chakula chake kabla halijaanguka, nalo likishamaliza huachia lenyewe ukiligusa. Mashina yaliyobaki uchi nayo siyatupi haraka. Nakwaruza gome kwa ukucha, chembe ndogo tu. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, ua li hai, hata kama halina jani moja. Pakiwa kahawia pakavu, nashuka chini kidogo nakwaruza tena. Kuna shina nililokwaruza hivyo mpaka inchi mbili kutoka udongoni ndipo nikakuta kijani. Nikakata juu yake. Huko Ulaya huambiwa lifunike ua na mfuko wa plastiki na kulinyunyizia maji asubuhi na jioni, kwa kuwa vyumba vyao vya kupashwa moto vina hewa kavu. Hapa hewa yenyewe imeshiba unyevu wa bahari. Mfuko hapa huwa sufuria.

Mahali pamoja tu nafunika ua kwa mfuko, napo ni kwa mimea iliyotoka nje ya nchi. Mimea hiyo lazima ikaguliwe na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na huingia ikiwa imeoshwa udongo wote, mizizi uchi imefungwa kwenye karatasi. Ikifika Lamu haina kitu cha kunyonyea. Hiyo naipanda kwenye makumbi yaliyokamuliwa, naifunika mfuko wenye matundu, naiweka kwenye kivuli kizito kuliko kile cha wengine, na chipukizi la kwanza likitokea naanza kuufungua kidogo kidogo. Mantiki yake ni ya kale. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, karibu mwaka 1829 alifunga buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi akakuta mkangaga umeota mle bila kumwagiliwa. Mwaka 1833 alipakia mimea kwenye masanduku ya vioo yaliyozibwa, ikasafiri juu ya sitaha ya meli mpaka Sydney, ikafika hai. Kabla ya hapo mimea mingi iliyovushwa bahari ilikufa, kwa sababu mbili ambazo mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa: rasharasha za maji ya chumvi, na uchache wa maji matamu chomboni.

Wadudu nawataja kwa kifupi. Ua lenye udhaifu huvuta vidung'ata, wale weupe wenye unga wanaojificha kwenye makwapa ya majani, na wakati mwingine huja nao tangu kitaluni. Ndiyo maana mgeni hakai karibu na wenyeji. Nawapangusa kwa pamba iliyochovywa spiriti, narudia kila wiki, imekwisha.

Mbolea ina ubishi wake. Punda wetu ni wengi, na samadi yao iko kila kichochoro, bure, kwa hiyo kila mtu ananishauri. Samadi mbichi ina joto, ina amonia, na ina chumvi zake pia. Mizizi iliyojeruhiwa haiiwezi. Naiweka ikae ioze mpaka isiwe na harufu tena, na hata hiyo naichanganya kidogo tu baada ya ua kutoa jani jipya na kulikunjua. Jani jipya ndilo ruhusa. Kwenye ficus huanza na kichomozo kilichofungwa kwenye ncha ya tawi, kinakaa hivyo muda mrefu hata ukate tamaa, kisha asubuhi moja ganda lake la kahawia limepasuka na jani dogo linang'aa kama limepakwa mafuta. Likifika ukubwa wa kiganja na likakaza, nampa chungu kipya, mbolea, na akitaka mwenye nyumba, jina.

Kuna mengine nimekataa kuagiza, na wenye nyumba wamekasirika. Kalathea kwa nyumba yenye maji ya kisima, hapana. Mti wowote wa urefu wa mtu kwa mwezi wa Februari, hapana, maana ule upepo wa kaskazi na joto lake havimpi nafasi ya kupumzika. Kusi nayo, Juni na Julai, mkondo huchafuka alasiri na boti hupiga mawimbi, nahodha hufunika abiria kwa turubai na si maua. Majira mazuri ni malelezi, ule utulivu kati ya pepo mbili, na ya Oktoba na Novemba ndiyo ninayoyapenda kwa kuwa mvua za vuli huweza kufuata na birika likapata maji. Wa Dubai ameniandikia kwamba ndugu yake naye anataka ficus mbili, na anazitaka zifike kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka huu inaangukia katikati ya kaskazi. Nimemrudishia maelekezo ya kupeleka kitaluni: zisimwagiliwe siku moja kabla ya kufungwa, chungu kifungwe karatasi badala ya nailoni, sanduku litobolewe matundu pande nne, na boti liwe la asubuhi. Na bei yangu ya kuziuguza, ikiwa hataki kungoja, ni mara mbili.